Maisha ya John Charnley, munganga wa nyonga

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wenye sifa tumezoea kusoma habari za wafalme, za wasafiri na za watu wa vita. Leo tunaleta kwenu maisha ya munganga mmoja Mwingereza, jina lake John Charnley. Hakushinda nchi yoyote. Lakini juu ya kazi yake mamilioni ya watu waliokuwa wamefungwa na maumivu ya nyonga wamesimama na kutembea tena. Tumemchagua pia kwa sababu nyingine. Kazi yake kubwa ya kwanza iliharibika, na haikuharibika juu ya karatasi, iliharibika ndani ya miili ya watu. Ni vema kila mwanafunzi ajue alifanya nini siku zile.

Kiungo na gegedu

Mbele ya kufuata maisha yake, tukumbuke somo la mwili. Mahali mifupa miwili inapokutana, vichwa vyake vinafunikwa na kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Ukinunua mguu wa mbuzi sokoni ukaukata kwenye kiungo, utakiona kinang'aa. Kiswahili cha vitabu kinakiita gegedu; katika biolojia tunasoma kartilaji. Gegedu, pamoja na yale maji mazito kidogo ya kiungo, inafanya mfupa uteleze juu ya mfupa kushinda hata chuma chenye kuteleza juu ya barafu. Mtu anaweza kutembea miaka 70 bila kukumbuka kwamba ana nyonga.

Lakini gegedu iko na matata moja: ndani yake hakuna mishipa ya damu. Ngozi ikikatika, inapona. Mfupa ukivunjika, unaunga. Gegedu ikilika, hairudi sawasawa na mwanzo. Basi mfupa unasaga mfupa. Mgonjwa anashindwa kupanda ngazi, kuvaa viatu, hata kugeuka kitandani usiku. Swali la Charnley lilikuwa hili: ikiwa mwili hauwezi kutengeneza tena ile ngozi ya kuteleza, je, mikono ya watu inaweza kutengeneza kitu cha kutia mahali pake?

Utoto na masomo

John Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 katika mji wa Bury, jimbo la Lancashire, kaskazini ya Uingereza. Lilikuwa jimbo la viwanda vya kufuma nguo. Tushike neno hilo, maana mashini za nguo zitarudi katika habari hii. Baba yake alikuwa na duka la dawa, mama yake alikuwa amefanya kazi ya uuguzi. Alisoma sekondari pale pale Bury, kiisha mwaka 1929 akaingia Chuo Kikuu cha Manchester kusoma uganga. Alimaliza mwaka 1935. Mwaka 1936, akiwa na miaka 25 tu, akakubaliwa katika Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji.

Vita ya pili ya dunia ilipoanza, alijitoa, na mwaka 1940 akaingia jeshi kama munganga. Alikuwa katika kazi ya kuvusha askari baharini walipokimbia kutoka Dunkirk. Kiisha akatumwa Misri. Huko Cairo akasimamia atelie ya kutengeneza vyuma vya kunyosha miguu ya askari waliovunjika. Hapo ndipo ilionekana wazi kwamba munganga huyu alikuwa pia fundi. Alipenda tezo na msumeno sawa vile alivyopenda kisu cha kupasua.

Nyuma ya vita alikaa miezi michache katika hospitali ya mifupa ya Oswestry. Alitaka kujua ginsi mfupa uliopandikizwa unavyoshika. Basi akaomba mwenzake amkate yeye mwenyewe kipande cha mfupa wa mguu na kukirudisha. Kidonda kikaoza, akalazwa, akapasuliwa tena. Hata hivyo ile tabia haikumtoka. Jambo alilotaka kujua juu ya mwili, aliona si vibaya kulijaribu kwanza katika mwili wake. Mtaona alivyorudia.

Mwaka 1947 akawa munganga mkubwa katika hospitali ya Manchester Royal Infirmary, na mwaka 1950 akatoa kitabu juu ya kutunza mifupa iliyovunjika bila kupasua, kilichosomwa sana na waganga wa mifupa.

Nyonga iliyolia

Charnley hakuwa wa kwanza kutafuta kitu cha kutia katika kiungo. Mwaka 1891, katika mji wa Berlin, Themistocles Gluck alijaribu pembe ya ndovu. Mwaka 1923, huko Boston, Marekani, Smith-Petersen alifunika kichwa cha mfupa kwa kikombe cha kioo. Kikombe kikavunjika chini ya uzito wa mtu. Tangu mwaka 1946, huko Paris, ndugu wawili Robert na Jean Judet walikata kichwa cha mfupa wa paja na kuweka kichwa cha plastiki ngumu ya akriliki. Wagonjwa wengi wa ndugu Judet walifurahi miezi ya kwanza. Baadaye maumivu yalirudi.

Siku moja Charnley alipata mgonjwa mwenye nyonga ya namna ile. Kila alipojisogeza, nyonga ililia kama kinga iliyokosa grisi, hata watu wa nyumbani kwake wakachoka kusikia. Waganga wengine wangecheka na kuacha. Charnley alijiuliza kwa nini inalia. Akapima katika laboratwari namna viungo vya kweli vinavyoteleza, na namna akriliki inavyosugua mfupa. Akaona jambo ambalo wengi hawakuliona: maji ya kiungo yanatelezesha vizuri gegedu juu ya gegedu, lakini hayasaidii sana plastiki wala chuma. Akriliki ilishika mfupa, ikasuguana nao kwa nguvu, na nguvu ile ikatingisha nyonga nzima ya bandia mpaka ikalegea. Nyonga ikinyamaza nyuma ya muda, si kwamba imepona, hapana. Imeacha kuzunguka mahali pake na imeanza kucheza ndani ya mfupa.

Akafikia neno hili: kitu cha kutia mahali pa gegedu kisitegemee maji ya kiungo. Lazima kiteleze chenyewe.

Teflon

Wakati ule watu walijua plastiki moja iliyoteleza kushinda zote: Teflon, iliyopatikana Marekani mwaka 1938. Ndiyo ile inayopakwa leo ndani ya kikaango ili chakula kisishike. Inakaa nyeupe kidogo kama gegedu, na haiharibiwi na dawa kali. Karibu mwisho wa miaka ya 1950 Charnley akaanza kuitumia.

Kwanza alifanya jambo lililofanana sana na gegedu yenyewe: alifunika kichwa cha mfupa wa paja kwa ganda jembamba la Teflon, na tundu la nyonga kwa ganda lingine, Teflon juu ya Teflon. Haikufaa. Kichwa cha mfupa chini ya ganda kilikosa damu, kikafa, na maganda yakalika.

Basi akabadili njia. Akakata kichwa kabisa, akaweka mahali pake mpira wa chuma kisichopata kutu, wenye mguu mrefu wa kuingia ndani ya mfupa wa paja. Katika tundu akaweka kikombe cha Teflon. Ili vyuma visicheze ndani ya mfupa, alitumia simenti ya akriliki, ya namna ile waganga wa meno walivyotumia. Dennis Smith, mwalimu wa vifaa vya meno huko Manchester, alimsaidia kuipata. Simenti hii si gundi. Kazi yake ni kujaza nafasi yote kati ya chuma na mfupa, ili uzito ugawanyike pande zote, sawa vile fundi wa nyumba anavyojaza udongo chini ya jiwe lisicheze.

Jambo la tatu ni la wenzetu wanaopenda fizika. Nguvu ya msuguano inashika juu ya uso wa mpira, na inataka kuzungusha kikombe. Moment yake ni nguvu mara umbali kutoka katikati. Mpira wenye upana wa milimita 44 unampa msuguano mkono wa milimita 22. Mpira wa milimita 22 unampa mkono wa milimita 11, yaani nusu. Waganga wengine walitengeneza mipira mikubwa kama kichwa cha kweli, juu walifikiri asili haiwezi kukosea. Charnley alijibu kwa hesabu: asili iko na gegedu, sisi hatuna. Akapunguza mpira hatua kwa hatua mpaka milimita 22 na kitu kidogo.

Wagonjwa waliokuwa wanabebwa walitembea. Maumivu yaliisha mara moja. Mwaka 1961 Charnley akaeleza operesheni mpya katika gazeti la waganga The Lancet. Hospitali ya Wrightington, karibu na Wigan, ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa mpya za ugonjwa huo zilipoanza kuacha vitanda wazi, Charnley akapata nafasi ya kufanya pale kituo cha nyonga. Ilionekana kwamba kazi imekwisha.

Mwaka wa matata

Kumbe haijakwisha. Nyuma ya mwaka mmoja, miwili, mitatu, wagonjwa walianza kurudi. Picha za radiografi zilionyesha kwamba mpira wa chuma ulikuwa unazama ndani ya kikombe, kama mchi katika kinu cha mti mwororo. Teflon iliteleza vizuri, lakini haikuvumilia kusagwa. Na matata makubwa haikuwa kikombe kuisha, ilikuwa unga wake. Vipande vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vilijaa katika nyama za nyonga. Mwili ukaviona kama adui, ukavizunguka, ukafanya uvimbe na uchafu kama jibini, ukalegeza mfupa. Watu karibu 300 walikuwa wamewekewa Teflon.

Wasomaji, tufikiri kidogo. Huyu alikuwa munganga mwenye sifa. Angeweza kusema kosa ni la wagonjwa waliotembea mno. Angeweza kuwaacha warudi kwa waganga wengine, na kuendelea na jambo lingine. Wengi wao walikuwa wazee, nani angeuliza? Charnley hakuficha. Alieleza waziwazi mbele ya waganga wenzake kwamba Teflon imeshindwa. Kiisha akaanza kuwafungua wagonjwa tena, mmoja nyuma ya mwingine, akatoa kwa mikono yake mwenyewe vitu alivyoviweka kwa mikono yake mwenyewe. Operesheni ya pili ni ngumu kushinda ya kwanza, na haimpi munganga sifa yoyote.

Akajaribu pia Teflon iliyochanganywa na vitu vigumu. Juu ya mashini ya kupimia ilikuwa nzuri sana. Ndani ya mwili ikaharibika, na iliikwaruza hata chuma. Alijifunza kwamba mashini inaweza kudanganya, na mwili haudanganyi.

Fundi Harry Craven

Katika atelie ya Wrightington alikuwako fundi mmoja, Harry Craven, aliyetengeneza vyombo na mashini za kupimia. Mnamo Mei 1962 mwuza plastiki alifika pale na kipande cha polietileni ya namna mpya, ngumu kushinda ile ya ndoo na mifuko. Viwanda vya nguo vya Lancashire viliitumia kutengeneza magurudumu ya meno ya mashini za kufuma. Charnley aliishika, akaikwaruza kwa ukucha, ikapata alama, akaidharau. Haikuteleza kama Teflon. Aliona ni kupoteza wakati.

Craven hakubishana. Bwana mkubwa alipokwenda safari, fundi aliweka kile kipande juu ya mashini, akaiacha itembee usiku na mchana. Wiki tatu zikapita. Polietileni ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Charnley aliporudi, alitazama, akahesabu, akakubali. Hatusomi kwamba aliona haya kwa kuongozwa na mtu wa atelie.

Lakini safari hii hakukimbilia kupasua watu. Alikuwa amejua kwamba swali la kwanza si kama kitu kinateleza, ni unga wake utafanya nini katika nyama. Basi akasaga Teflon na polietileni kuwa unga, akajidunga zote mbili katika paja lake mwenyewe, kila moja mahali pake. Miezi ikapita. Mahali pa Teflon pakafanya vinundu vigumu ambavyo aliweza kuvigusa kwa kidole. Mahali pa polietileni hapakuwa na kitu. Mwaka 1963 alitoa habari hiyo katika gazeti la waganga.

Kungoja na kuhesabu

Vikombe vya kwanza vya polietileni viliwekwa Novemba 1962. Vilitembea vizuri. Je, Charnley alitangaza ushindi? Hapana. Teflon pia ilitembea vizuri mwaka wa kwanza. Miaka mitano hivi alizuia nyonga yake isiuzwe ovyo. Kiwanda cha Thackray, katika mji wa Leeds, kilichotengeneza vyuma vyake, hakikuruhusiwa kumuuzia munganga ambaye hajaja Wrightington kujifunza. Wengine walikasirika. Yeye akaendelea kuwaita wagonjwa wake kila mara, kuwapiga radiografi, na kupima kwa milimita mpira umeingia kiasi gani. Hata aliomba wagonjwa wakubali kwamba, siku ya kufa kwao, kiungo kirudi kwake kichunguzwe. Wengi walikubali kwa moyo mwema.

Adui mwingine alikuwa vijidudu. Mwanzoni karibu wagonjwa 7 juu ya 100 walioza ndani ya nyonga, na kuoza karibu na chuma ni jambo baya sana. Charnley alishuku hewa ya chumba. Pamoja na mafundi wa hewa akajenga ndani ya chumba cha kupasulia kibanda kidogo chenye kuteremsha hewa safi iliyochujwa, na akavika wapasuaji nguo zenye mpira wa kuvuta pumzi yao nje. Nyuma ya miaka, hesabu ilishuka chini ya mmoja juu ya 100.

Mwisho wake na kazi iliyobaki

Alikuwa mtu mwenye kutaka kazi kamili, na wasaidizi wake waliujua ukali wake. Alioa mwaka 1957, akiwa na miaka 45, akapata mtoto mwanaume na mtoto mwanamke. Mwaka 1974 alipewa zawadi ya Lasker huko Marekani. Mwaka 1975 akaingia katika Royal Society, chama cha wenye elimu ya sayansi Uingereza, mpasuaji wa mifupa wa kwanza kuingizwa juu ya kazi hiyo. Mwaka 1977 malkia akampa cheo cha Sir. Alikufa tarehe 5 Agosti 1982, akiwa hajatimiza miaka 71.

Nyonga zake ziliendelea kutembea. Katika hospitali ya Mayo, Marekani, walifuata nyonga 2000 za Charnley zilizowekwa kuanzia mwaka 1969 mpaka 1971. Nyuma ya miaka 25, kwa hesabu yao, karibu 8 juu ya kila 10 zilikuwa hazijahitaji kubadilishwa. Leo watu zaidi ya milioni moja duniani wanawekewa nyonga mpya kila mwaka, na wengi wao wanatembea juu ya polietileni.

Hata polietileni ilionekana baadaye kuwa na unga wake. Ni kidogo, lakini kwa miaka 15 au 20 unaweza kula mfupa. Kwa hiyo karibu mwisho wa miaka ya 1990 mafundi walianza kuifunga nyuzi zake kwa nuru kali ya atomu, ilike kidogo zaidi. Wengine wanatafuta vitu laini vyenye maji ndani, karibu na gegedu ya kweli. Mpaka leo hakuna kitu cha mikono ya watu kinachofanya kazi zote za gegedu. Yeyote atakayekipata atapaswa kujibu swali lile lile la Charnley: unga wake unakwenda wapi, na miaka kumi baadaye mgonjwa anatembea namna gani?

Ndugu wanafunzi, kuna wakati tutakuwa waganga, mafundi, walimu, wajenzi wa madaraja. Kazi zetu zitaingia katika maisha ya watu wasioweza kuzipima wenyewe. Mzee aliyelala juu ya meza ya kupasulia hawezi kupima plastiki. Anamtegemea munganga. Charnley aliwatumikia watu 300 kwa kitu kibaya, kwa nia njema. Sifa yake imetoka hapa: aliwafuata, akawafungua tena, akaruhusu fundi amrekebishe, akajaribu kwanza katika paja lake, na alipopata kitu chema akangoja miaka mbele ya kukiuza.